Fundi sola wa Wete anauliza: hisa za kampuni ya kutengeneza paneli, kuna makuzi ya kweli?

FundiWaLimbani

Assalaam alaykum. Wakubwa shikamooni.

Mie ni fundi sola, nakaa Limbani, Wete. Kazi hii niliianza Unguja wakati wa kile kiza cha miezi mitatu, Disemba 2009 mpaka Machi 2010, waya wa baharini ulipoharibika. Nilikuwa kwa ami yangu Mtoni. Mji mzima unanguruma majenereta, maji ya bomba hayapandi, friji imegeuzwa kabati la nguo. Jirani yetu mmoja alikuwa na paneli moja tu ya wati 50 juu ya bati na betri ya gari sebuleni, na kwake taa mbili zinawaka mpaka alfajiri. Watu wanapanga foleni na simu zao. Nikamfuata nikamwambia nifundishe. Hakuniuliza kitu, alinipa bisibisi.

Tangu siku ile sijashika kazi nyengine. Nimefunga Gando, Kojani, Micheweni, Makangale, nimefunga madrasa, visima, maduka ya samaki. Mwaka 2013 paneli ya wati 100 nilikuwa nainunua laki mbili na nusu, na kwenye boti naipakata kama mtoto, sithubutu kuiweka chini. Mwezi uliopita nimenunua za wati 550, moja laki mbili na sabini. Na kazi zimezidi. Zamani mtu akitaka taa tatu na redio. Sasa anataka friji la kugandisha, pampu ya kisima, na feni kila chumba. Hata wenye umeme wa Tukuza, ule wa mita ya kulipia kabla, wananiita, kwa sababu hawataki kulala kiza umeme ukikatika.

Sasa suala langu. Mikarafuu ya mama msimu huu imezaa vizuri, na nimemaliza kazi mbili za pampu, kwa hiyo nimebakiwa na milioni 6 ambazo sina pa kuzipeleka kwa haraka. Kijana mmoja wa Chake amenionesha kwenye simu hisa za kampuni ya Kimarekani inayotengeneza paneli, First Solar. Hoja yake ni kwamba dunia nzima inafunga sola, kwa hiyo anayetengeneza paneli hana budi kukua. Nikaona kweli, mie mwenyewe ni shahidi.

Nimesoma kidogo. Mwaka 2022 walipata hasara ya dola milioni 44. Mwaka 2023 faida dola milioni 831. Mwaka 2024 faida dola bilioni 1.29, na mauzo yalipanda kutoka bilioni 3.3 hadi bilioni 4.2. Wana viwanda Ohio, Alabama, India, Malaysia, Vietnam, na kipya Louisiana. Mtu akipanda hivi katika miaka miwili, si ndio makuzi yenyewe?

Lakini lipo jambo linanikaa rohoni. Miaka kumi na tano nafunga paneli, sijawahi kushika hata moja ya First Solar. Darajani sijaiona, Kariakoo sijaiona. Ninazofunga zote za Kichina. Kampuni inayokua hivi, mbona bidhaa yake haijafika kwetu?

Na mawili ya mwisho. Hisa hizi zinajuzu kisheria, yaani kidini? Na yule kijana anataka nimpe pesa anunulie kwenye akaunti ya shemegi yake aliye nje, halafu faida tugawane. Naona uzito, ila sijui nimwambie nini, maana ni mtoto wa watu ninaowaheshimu.

KijanaWaMkwajuni

Kaka Fundi, mie ninazo hizo hisa nne, nilinunua kidogo kidogo. Ushauri wangu ingia. Sababu yangu ni moja. Marekani sasa hivi wana njaa ya umeme, wanajenga majumba ya kompyuta za akili mnemba, na kila jumba linakula umeme kama mji mzima. Sola ndiyo inayojengwa kwa haraka, huna haja ya kungoja miaka kumi kama nyuklia. Paneli za Kichina zinatozwa ushuru mkubwa kule, kwa hiyo mwenye kiwanda nyumbani ndiye anayekula. Na wateja wao wameshaweka oda za miaka mbele. Hisa hii mwaka 2008 ilipita dola 300. Iliwahi kufika, itafika tena na kupita.

Hilo la akaunti ya shemegi sina la kusema, mie yangu iko kwa jina langu.

BiHesabu_Michenzani

Wa alaykumu salaam mwanangu. Nimefanya kazi ya hesabu miaka 31, sasa nimestaafu, na hisa ninazo za Soko la Hisa la Dar es Salaam tangu zama za cheti cha karatasi. Nitakujibu kwa urefu kwa sababu umeuliza kama mtu anayetaka kujua.

Naanza na lile la mwisho, maana ndilo la haraka: pesa usimpe. Hisa ni ya yule ambaye jina lake limeandikwa. Ikiwa akaunti ni ya shemegi, basi hisa ni za shemegi, faida ni ya shemegi, na Mungu asijaalie akifariki ni mirathi ya wanawe. Wewe utabaki na ujumbe wa WhatsApp. Ndugu yangu wa tumbo moja alimpa mtu pesa za kiinua mgongo kwa mpango wa namna hii hii. Mtu yule hakuwa mwizi, biashara yake iliharibika tu, na pesa za ndugu yangu zikaenda na za wengine. Hakuwa na karatasi hata moja ya kupeleka mahakamani. Amekaa miaka sita hasemi na rafiki yake wa utotoni. Mwambie kijana kwa upole: "Nikinunua nitanunua kwa jina langu." Neno hilo halimvunjii mtu heshima. Kwa hisa za hapa kwetu, tafuta dalali mwenye leseni ya Mamlaka ya Masoko ya Mitaji na Dhamana. Kwa hisa za nje, kabla ya lolote nenda benki yako uulize taratibu za Benki Kuu za kutoa fedha za kigeni nje ya nchi.

Sasa makuzi. Umesema wewe ni shahidi. Nimeuchukua ushahidi wako nikaufanyia hesabu. Mwaka 2013 wati moja uliinunua shilingi 2,500. Mwezi uliopita wati moja umeinunua chini kidogo ya shilingi 500. Kwako na kwa mwenye kisima hiyo ni neema. Jiweke upande wa mwenye kiwanda. Ili apate shilingi zile zile alizopata kwa wati moja, sasa lazima atengeneze na kuuza wati tano. Azidishe mitambo mara tano, wafanyakazi, vioo, meli, na akimaliza yote hayo mauzo yake kwa pesa yatakuwa pale pale alipokuwa. Wati zimekua. Pesa hazikukua.

Hii si nadharia. Uchina mwaka 2024 ilifunga sola ya gigawati 277 (gigawati moja ni wati bilioni moja) ndani ya mwaka mmoja, hakuna nchi iliyokuwa imewahi kufanya hivyo. Mwaka huo huo LONGi, katika makampuni makubwa kabisa ya paneli duniani, ilipata hasara ya yuan bilioni 8.6. Soko lilikuwa halijapata kuwa kubwa kama lile, na mtengenezaji anazama ndani yake. Kila mmoja alijenga kiwanda akiamini dunia nzima inafunga sola, na kweli dunia inafunga, lakini viwanda vilizidi wanunuzi na bei ikaanguka hadi karibu senti 10 za dola kwa wati.

Ya nyuma pia yapo. Suntech ya Wuxi, Uchina, iliingia soko la hisa la New York Disemba 2005, mwenyewe akatajwa miongoni mwa matajiri wakubwa wa Uchina, ikafika kuwa mtengenezaji mkubwa wa paneli kuliko wote. Machi 2013 ilishindwa kulipa hati fungani, yaani madeni iliyokopa sokoni, za dola milioni 541, na kampuni yake ya Wuxi ikaingia kwenye ufilisi. Q-Cells ya Ujerumani, ambayo nayo iliwahi kuwa ya kwanza duniani, ilifilisika Aprili 2012. Solyndra ya California, iliyodhaminiwa na serikali ya Marekani mkopo wa dola milioni 535, ilifunga milango 2011. Wote hawa walikufa wakati matumizi ya sola yanapanda. Mwanangu, hilo ndilo nililotaka ulikamate kwa mikono miwili.

Kijana wa Mkwajuni amesema ilifika 300 mwaka 2008, na ni kweli. Ilianza kuuzwa Novemba 2006 kwa dola 20, Mei 2008 ikapita 300, na Juni 2012 ikauzwa chini ya dola 12. Aliyenunua kileleni alingoja mpaka Juni 2024 kuiona tena 300, miaka 16, na kwa miaka yote hiyo kampuni haijawahi kutoa gawio, yaani kuwagawia wenye hisa faida, hata senti. Aliyenunua akiwa na mtoto wa darasa la kwanza, mtoto keshamaliza chuo.

Na kwa nini ilipanda vile? Kwa sababu ya bei ya malighafi. Paneli za kawaida zinatengenezwa kwa silikoni, na mwaka 2008 kilo ya silikoni safi ilipita dola 400. First Solar hawatumii silikoni, wanapaka kwenye kioo utando mwembamba wa madini mengine, kadimiamu na teluriamu. Wenzao walikuwa wanakamuliwa na bei ya silikoni, wao wanapita. Viwanda vipya vya silikoni vilipofunguka, bei ikaporomoka hadi dola 20 na kitu, na ule upenu waliokuwa wamejikinga chini yake ukaondoka.

Sasa faida ya 2024, hiyo bilioni 1.29, upenu wake ni upi? Ni sheria. Agosti 2022 Marekani walipitisha sheria inayompa mtengenezaji nafuu ya kodi kwa kila wati anayotengeneza ndani ya nchi. Senti 7 kwa paneli iliyokamilika, na senti 4 nyengine kwa seli iliyomo ndani yake. Weka kwenye paneli yako ya wati 550, unapata dola 60 na nusu. Na paneli nzima ya Kichina ya wati 550, kwa senti 10 kwa wati, inatoka kiwandani kwa dola 55. Yaani serikali yao inampa mwenye kiwanda zaidi ya bei nzima ya paneli unayonunua wewe. Disemba 2023 First Solar walikubaliana kuiuzia Fiserv, kampuni ya mambo ya malipo, nafuu za kodi za hadi dola milioni 700, yaani Fiserv inatoa pesa taslimu na yenyewe inapunguziwa kodi. Hizo pesa ni za kweli, sizidharau. Ila sheria yenyewe imeandika mwisho wake: mwaka 2030 inabaki robo tatu, 2031 nusu, 2032 robo, 2033 hakuna. Na Julai 2025 wakapitisha sheria nyengine inayofupisha muda wa nafuu za wale wanaojenga mitambo, ambao ndio wateja wa First Solar.

Kwa hiyo mtu akiniuliza kama kampuni hii inakua, nitamwambia inakua ndani ya ua uliozungushwa na serikali, na mwenye ua ana tarehe ya kuung'oa. Huenda watafika 2033 wakiwa na nguvu ya kusimama peke yao. Bei ya hisa ya leo imeshakulipisha kwa tumaini hilo.

La dini sijisemei mimi, nakupa kipimo kinachotumiwa na taasisi nyingi za fedha za Kiislamu. Biashara yenyewe iwe halali, na kutengeneza paneli hakuna tatizo. Mikopo ya riba isizidi asilimia 30 ya thamani ya kampuni sokoni, na pesa zilizowekwa kwenye riba vile vile. Pato lisilo safi lisizidi asilimia 5 ya pato lote, na fungu hilo ulitoe sadaka. Kampuni hii mikopo yake ni midogo ukilinganisha na ukubwa wake, lakini kipimo hiki kinapimwa kila mara, hakipimwi mara moja ikatosha. Kisha umwendee sheikh unayemwamini na namba hizo mkononi.

Na una mama mwenye mikarafuu. Kabla hujaamua, muulize bei ya karafuu ilikwendaje baina ya miaka ya 70 na 90, na Indonesia ilifanya nini. Yeye atakueleza haya yote bila kutaja paneli.

MpembaWaIbri

Fundi, salamu kutoka Oman. Mie mtoto wa Konde, mwaka wa saba niko huku, natunza mitambo ya sola. Nitajibu lile lililokukaa rohoni, kwa nini hujaishika First Solar.

Hawauzi kwa fundi. Wanauza kwa wenye mashamba ya sola, tena karibu oda zao zote ni za megawati kwa megawati. Mtambo wa Ibri II huku Oman ni megawati 500. Ule waya wa baharini wa Ras Kiromoni, bara, kuja Fumba, Unguja, uliozinduliwa 2013, unabeba megawati 100, na unailisha Unguja. Fikiria shamba moja lenye nguvu ya waya tano kama ule. Mnunuzi wa shamba kama hilo hanunui paneli mbili Darajani, anasaini mkataba wa miaka, na anachouliza ni senti ngapi kwa wati na dhamana ya miaka mingapi. Jina mgongoni mwa paneli halimshughulishi. Nimekaa kwenye kikao nikisikia wanabishana juu ya senti isiyofika nusu. Ukiwa muuzaji kwenye meza ile, roho yako iko kooni.

Pili ni aina ya paneli yenyewe. Utando wao unahimili joto vizuri zaidi kidogo kuliko silikoni. Wewe unajua paneli juu ya bati saa saba mchana inavyochoma mkono. Ikifika nyuzi 65, silikoni inapoteza asilimia 14 hivi ya nguvu yake, ya kwao inapoteza chini kidogo ya hapo. Jangwani faida hiyo ina maana. Lakini kwa eneo moja inatoa umeme pungufu, kama asilimia 19 ya mwanga wa jua ikilinganishwa na 22 ya silikoni nzuri. Jangwani ardhi tele, unaongeza safu. Juu ya nyumba ya vyumba vitatu Gando huna pa kuongeza. Kwa hiyo hata wakizileta, nisingekushauri uzifunge.

Kwa hisa, naungana na Bi Hesabu, ila naongeza jambo la upande wao mzuri ili tusiwadhulumu. Kiwanda chao kinaingiza kioo kitupu mlango huu na kinatoa paneli mlango ule baada ya saa nne hivi, chini ya paa moja. Wachina wanapitisha silikoni kwenye kiwanda cha kuyeyusha, cha kukata, cha seli, cha kuunganisha. Huo ni ufundi wa kweli na si ruzuku. Lakini teluriamu wanayotumia inapatikana zaidi kama makombo ya kusafisha shaba, ni nadra mgodi kuchimbwa kwa ajili yake peke yake, kwa hiyo hata wakitaka kujitanua mara kumi, kuna mahali watakwama. Mie hisa sinunui. Pesa zangu nanunua vigae, najenga Konde.

KijanaWaMkwajuni

Bi Hesabu, nashukuru. Ile ya miaka 16 sikuwa naijua, nilitazama kilele tu. Zangu nne nabaki nazo kwa sababu nilinunua chini, ila sitaongeza nyengine kabla sijasoma hiyo habari ya 2030.

FundiWaLimbani

Nimerudi. Nilichelewa kwa sababu nilikuwa Micheweni siku tatu kwenye kisima, mtandao hakuna.

Bi Hesabu, nilimuuliza mama kama ulivyoniambia. Alikuwa anachambua karafuu barazani, makonyo, yaani vijiti vyake, upande huu, karafuu upande huu. Aliacha kuchambua. Akasema wakati ule yeye msichana, wanunuzi wakubwa wa karafuu za Pemba ni Waindonesia, wanazitia kwenye sigara zao. Meli zinakuja, babu anajenga nyumba ya mawe. Halafu Waindonesia wakapanda mikarafuu yao wenyewe. Akaniambia hivi, nami nayaandika kama alivyosema: "Sigara hawakuacha kuvuta, mwanangu. Walizidi. Lakini karafuu zetu zilikaa ndani ya magunia mpaka babu yako akakata miti miwili akaifanya kuni, na ile miti aliipanda baba yake." Nyumba ya mawe haikuezekwa mpaka leo upande mmoja. Mie nimekulia katika nyumba hiyo, nimecheza kwenye chumba kisicho na paa, na sikuwahi kujua kwamba sababu yake ni hiyo.

Nilikaa kimya muda. Halafu nikaenda kutazama ghala langu, na hapo nikakutana na jengine. Bi Hesabu, nilikuwa nimeshapanga kwamba nikiacha hisa, milioni 6 zote nizitie kwenye paneli, ninunue ishirini na kidogo, nizirundike nyumbani kwa sababu sasa bei ni rahisi. Sasa nimeingiwa na khofu. Bei ikishuka tena, zile za ndani nitamuuzia nani kwa bei niliyonunulia? Nimeona hesabu ile ile imekuja kugonga mlango wangu. Ni sawa ninavyowaza, au nimetishika kupita kiasi?

Kwa kijana wa Chake, nilimwambia maneno yako kama yalivyo. Hakukasirika. Tumeagana vizuri.

Mpemba wa Ibri, ahsante kaka. Nimecheka peke yangu kwa furaha kujua kwamba sikupitwa na kitu.

BiHesabu_Michenzani

Ni sawa unavyowaza. Paneli ghalani inapoteza bei kila mwezi hata kama haijaguswa na jua. Karafuu kavu unaweza kuiweka ukangoja msimu mbaya, paneli haina msimu wa kungoja. Nunua za kazi uliyonayo na akiba kidogo ya boti zisipokuja kwa upepo wa kusi, basi. Katika biashara yako kitu ambacho bei yake haijashuka tangu 2013 ni kipi? Nadhani ni mkono wako. Ulilipwa kiasi gani kufunga wakati ule, na sasa unalipwa kiasi gani?

Mpe mama salamu zangu. Babu yangu naye alikuwa na shamba Mtambile.

FundiWaLimbani

Wallahi ni kweli. Mwaka 2013 kufunga taa tatu na redio nilichukua elfu thelathini. Pampu ya kisima wiki hii nimechukua laki nne za ufundi peke yake, na mwenyewe kaniombea dua. Na kazi ninazozikataa ndizo zenye pesa: inveta zilizoungua, betri za lithiamu zilizojifunga, kwa sababu sina vifaa vya kuzifungua na kuzipima. Wateja wanazipeleka Unguja au wanazitupa. Kwangu uani ziko kumi na moja zimeachwa na watu.

Basi nimeamua hivi. Milioni mbili na nusu nanunua mita nzuri ya kupimia betri seli moja moja, mashine ya kulehemu seli, mita ya kupima uvujaji wa umeme kwenye nyaya, na kituo kizuri cha kuchomelea bodi. Milioni moja paneli za kazi mbili nilizonazo Kojani. Milioni moja na nusu naezeka kile chumba cha babu, mama ameshaniambia bati gani anataka. Milioni moja inayobaki nakuja nayo Unguja, nifungue akaunti ya hisa za Dar es Salaam kwa jina langu, nijifunze kwa kidogo. First Solar nitakuwa naitazama tu, na kila mwaka nitasoma hesabu zao kujua ngapi wamepata kwa kuuza na ngapi wamepata kwa ile sheria.

Jumamosi napanda boti ya Mkoani. Bi Hesabu, kama hutojali, naomba nije Michenzani nikuone kabla sijaenda kwa dalali. Nakuletea karafuu za mama, za mikono yake mwenyewe, na makonyo ya kufukizia.

BiHesabu_Michenzani

Karibu sana mwanangu. Njoo baada ya alasiri. Na ukija, beba inveta moja katika hizo kumi na moja, ya kwangu imekufa tangu Ramadhani.